Ndoo ya Mweri na Chupa Mbili Zisizo na Jina

Saa moja na nusu asubuhi, Mweri Ruwa anafungua maabara ya shule moja ya sekondari huko Likoni. Kabla ya kugusa chupa yoyote, anatazama dari. Pakavu. Anashusha pumzi, anavaa koti lake jeupe.

Mwaka jana dari hilohilo nusura limrudishe kwenye ufagio.

Mkaazi huyu wa Bofu, mwenye umri wa miaka 34, alifagia shule hiyo kwa miaka tisa. Mwalimu wa kemia, Bi Fairuz, alimkuta siku moja akiusoma ubao badala ya kuufuta, akamwombea kazi ya maabara kwa majaribio ya miezi mitatu.

Mwezi wa mwisho, mvua ya masika ikapenya kwenye tundu la dari. Karatasi za majina zilibanduka kwenye chupa mbili, moja ya chumvi na nyingine ya sukari. Kidato cha nne walizihitaji asubuhi hiyohiyo, na kuonja ni marufuku maabarani. Mwalimu mkuu alitaka zimwagwe, na Mweri, aliyeziweka chini ya tundu, arudi kufagia.

Bi Fairuz aliomba nusu saa. Kisha akakunja mikono.

"Mimi sishiki kitu, Mweri. Zitambue wewe."

Mweri aliyeyusha majini kidogo kutoka kila chupa, akatumbukiza nyaya za betri na balbu ndogo. Maji ya chumvi yangewasha, ya sukari yasingewasha. Yote mawili yakawasha.

"Nilitoka jasho," anakumbuka. "Halafu nikajiuliza, maji nimeyateka wapi? Kisimani. Na visima vyetu huku nani asiyejua vina munyu, chumvi ya bahari?"

Maji safi ya maabara yalikuwa yamekwisha. Lakini chini ya tundu palikuwa na ndoo iliyojaa maji ya mvua. Akayapima hayo peke yake kwanza, balbu haikuwaka. Akarudia jaribio. Chupa moja ikawasha, nyingine wapi.

"Chumvi ina kifungo cha ioni. Chembe moja imempa mwenziwe elektroni, zote zikabaki na chaji, na majini zinaachana na kubeba umeme," anaeleza. "Sukari ni kovalenti. Hao ni watu wa sinia moja, elektroni wanakula pamoja. Hawana chaji ya kubeba."

Siku hizi ameajiriwa rasmi, na tundu limezibwa. Ndoo hataki itolewe. Septemba, inshallah ya Bi Fairuz na amina yake mwenyewe, ataanza masomo ya ufundi wa maabara.

"Namshukuru Mungu, na namshukuru Bi Fairuz kwa kukunja mikono siku ile," anasema. "Angenisaidia, hadi leo ningekuwa mfagiaji."