Mteja Niliyempokonya Maganga

Ndugu zangu, kijicho nilicho nacho kingetosha kuendesha mashine ya kusaga. Mimi na Maganga tunarekodi na kuuza kaseti za muziki hapa Nyasubi, vibanda vyetu vinatazamana, lakini wachimbaji wa dhahabu, ambao hulipa kwa punje zao, wote wanajaa kwake. Nikamnunia kabisa.

Juzi nikaona mchimbaji anatoka kwake akifoka, kashika kiberiti alichotilia dhahabu yake. "Mwenzio ana maringo! Eti dhahabu yangu ikapimwe kwanza, ndipo anipe kaseti!"

Nikamrukia kama kunguru aliyeona mshikaki. "Karibu kwangu, kaka. Mimi nimemaliza shule ya jioni, dhahabu naijua kwa macho." Alipofungua kiberiti, punje ziling'aa hadi nikafumba jicho moja. Nikampa kaseti alizotaka na chenji juu, chenji ambayo ndiyo ilikuwa kodi yangu ya kibanda.

Kisha nikaenda kwa sonara, kifua mbele, nikipita makusudi mlangoni kwa Maganga ili aumie. Akanifuata, na nusu ya Nyasubi nyuma yake.

Sonara akadondosha tindikali. Punje zikatoa povu la kijani.

"Hii shaba, Baba Neema. Imesagwa kwa tupa." Akamgeukia Maganga. "Wewe kila dhahabu unaileta hapa kabla ya kutoa kaseti. Mbona hukumwambia jirani yako?"

Maganga akanitazama kwa huruma, umati wote ukisikiliza. "Ningemwambiaje, Mzee? Hata salamu yangu haitikii."