Kofia, Pazia na Buti za Shangazi Mastura

Tuliokulia Mbale wakati mtaa mzima unasikiliza redio moja, leo tujuane. Nazungumza nanyi mliocheza kwepena, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka adhana ya magharibi, mkarudi nyumbani na magoti mekundu kwa vumbi, mkaambiwa hakuna kugusa chakula kabla ya kuoga. Mvua ikikatika tulitoka nje kuangalia maporomoko ya maji ya Wanale yakining'inia mlimani, meupe, na kila mtoto alichagua lake akasema hili ni la kwetu. Jumapili mchana ilikuwa saa ya muziki wa kantri. Redio ya babu yangu ilitolewa barazani, na majirani, Wagisu kwa Wasoga, Waislamu kwa Wakristo, walikuja na vigoda vyao kuwasikiliza wanaume wa ng'ambo wakilia kwa gitaa kuhusu farasi na wanawake waliowakimbia. Kiingereza chenyewe wengi wetu hatukukielewa, lakini machozi tulitoa.

Vijana wa sasa nikiwasimulia wanacheka. Wana nyimbo za dunia nzima mfukoni, na hawausikilizi hata mmoja mpaka mwisho.

Babu alikuwa amestaafu jeshini zamani, ila mtaa wetu wote wa Nkoma ulimwita Afande mpaka siku tuliyomzika. Sisi ni Wanubi, kizazi cha askari waliotoka Sudan, na Kiswahili nyumbani kwetu kilisemwa kama amri: kaa, kula, lala. Watu wengi mjini walikiogopa Kiswahili kwa sababu kiliwakumbusha bunduki. Sisi tulikinywa pamoja na uji, na gurusa za moto, mikate yetu ya Kinubi, pembeni.

Binti yake wa mwisho, Shangazi Mastura, alizinasa nyimbo zile za Jumapili haraka kuliko sisi sote. Jumatatu akifua nguo alikuwa tayari amezigeuza za kwetu. Farasi amekuwa baiskeli, jangwa limekuwa barabara ya Nakaloke. Alikuwa na wimbo wa bwana mmoja aliyekwenda soko la Nakaloke na baiskeli na mke, akarudi na baiskeli peke yake, na njia nzima anajiuliza ni nini alichosahau. Wanawake waliuomba kila harusi.

Na ni harusini tu alikoruhusiwa. Kwetu msichana aliimba ndani, kwa wanawake, ngoma zikipigwa na mlango umefungwa. Wanaume walikaa uani wakijifanya hawasikii, huku miguu yao ikipiga chini. Siku moja mwenye bendi kutoka Jinja alikuwa miongoni mwa hao waliojifanya hawasikii. Kesho yake alikuja kwa adabu zote kumwomba Afande amruhusu bintiye akaimbe. Afande alimmiminia chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akamtakia safari njema. Kisha akamwita Shangazi mbele yetu sote.

"Ndani imba mpaka asubuhi," alimwambia. "Ukipanda jukwaani mbele ya wanaume, mlango huu si wako tena."

Shangazi hakubishana, na hilo ndilo lililotutisha. Alikuwa akimpenda baba yake kuliko mtu yeyote duniani, na kuimba alikupenda vilevile. Wiki ile hakula vizuri. Aliyeamua kumsaidia ni bibi yangu, ambaye tulimwita Haboba. Alikuwa ameona picha ya mwimbaji wa kantri kwenye kalenda dukani, akajua kwamba kazi ile inataka kofia pana na viatu virefu. Basi akakaa jikoni na ukindu wake wa rangi akaanza kusuka. Afande alipouliza anasuka nini, alijibu ni kawa.

Na kwa kweli hakudanganya sana. Mikono ya Haboba ilijua kusuka makawa ya kufunikia chakula cha harusi, na kofia ikatoka kawa kamili: nyekundu, kijani na zambarau, ukingo wake ungeweza kufunika sinia la pilau. Shangazi alipoiona alilia kwa aibu. Haboba akamwekea kichwani, juu ya mtandio, akamwambia avae hivyohivyo, maana watu watauliza hicho ni kitu gani, na wakishauliza watamsikiliza. Halafu akaingia uvunguni mwa kitanda cha mumewe akatoa buti zake za jeshi, akasokomeza vitambaa mbele ili zimkae. Shangazi aliondoka nazo miguuni, kwa mlango wa nyuma.

Jinja ilimpokea, wacha niseme ukweli. Wafanyakazi wa viwandani walijaa ukumbini kila mwisho wa wiki kumwona Mama Kawa, ndivyo walivyomwita, mwanamke wa Kiislamu mwenye gitaa na kofia ya kufunikia pilau. Shati lake lenye vishada vinavyocheza mikononi lilikatwa kutoka pazia letu la sebuleni, ambalo Haboba alilituma kwa siri. Sisi watoto tulichapwa kwa kudhaniwa tumelichana. Baadaye ikatoka kaseti yenye picha yake, na ndipo redio nayo ikaanza kupiga nyimbo zake Jumapili, palepale barazani petu. Wimbo wake ukianza tu, Afande alisimama akaenda kutia udhu, hata kama saa ya sala bado. Lakini redio hakuizima. Mtaa mzima uliliona hilo na hakuna aliyethubutu kulisema.

Kisha ukafika mkesha wa sikukuu ya Idi. Shangazi alifika usiku umeanza kuingia, kwa mlango wa nyuma kama mgeni asiyealikwa, akavua buti jikoni, akalala na Haboba. Afande alijua yumo. Hakutokea.

Alfajiri nilitoka kuchota maji nikamkuta Afande kwenye kigoda chake, kanzu imekunjwa magotini, buti ziko mapajani na kopo la rangi ya viatu pembeni. Alizisugua kijeshi, anapuliza, anasugua, anapuliza, mpaka ningeweza kujitazama ndani yake. Zile buti zilikuwa na tope la jukwaa la Jinja kwenye soli, naye alilichokoa kwa kijiti cha kiberiti polepole bila kuniangalia. Alipomaliza alizunguka nyumba, akaziweka mlango wa mbele, zikitazama barabarani. Ndipo akaniita.

"Mwambie mwenye buti hizi, mlango wake ni huu."

Nilikwenda kumwambia. Shangazi alilia mpaka Haboba akaogopa majirani watadhani ni msiba. Siku ile alitoka kwa mbele, akaenda kuswali Idi, na toka hapo kila aliporudi kutoka Jinja aliziacha pale pale, na asubuhi alizikuta zinang'aa. Hakuna hata siku moja waliyolizungumza. Afande alikufa bila kumwona jukwaani.

Mwezi uliopita walikuja vijana wa Jinja, wastaarabu tu, wanaofungua chumba cha kuonyesha vitu vya wanamuziki wetu wa zamani. Shangazi anaishi kwangu sasa, sauti imebaki ya kuswalia tu. Nikavuta sanduku lake, nikawaeleza kila kitu kwa majivuno, maana mimi sina haya ya kusifu. Walipenda kofia, wakalipiga picha shati la pazia, wakanieleza habari za watu wengi wasiojulikana watakaobonyeza kwenye simu zao kwamba wamependa. Nikawatazama. Wenzetu hawa wanapendwa na umati kabla ya chai, na bado macho yao yana njaa. Enzi zetu mtu alingoja miaka apendwe na mmoja, tena kimyakimya, na nakiri kungoja kule nakutamani.

Tulipofika kwenye buti, Shangazi alikuwa ameshazishika, anatafuta kitambaa. Kijana mmoja akamzuia kwa upole, akamweleza kwamba watazamaji hupenda vitu vya zamani vibaki na vumbi lake, vionekane vya kweli.

Shangazi akaendelea kusugua.

"Mwanangu," alimwambia, "baba yangu hakunitoa nyumbani na buti chafu."