Kiti cha Mwenye Kilio

Katekista wetu wa Musonoi alikuwa mtu wa kupenda makubwa. Alipoamua kwamba vijana wa parokia tuigize mchezo juu ya yule msichana aliyeuawa kwenye kituo cha treni, aliandika kurasa tatu za maombolezo, akanipa nizikariri. Mimi ndiye niliyekuwa mama wa marehemu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, sina mtoto, nina domo; nadhani alinichagua kwa hilo la mwisho. Nilimpenda sana mzee yule, hata pale nilipotamani kumlisha kurasa zake.

Msichana mwenyewe nilimjua. Tulikuwa majirani wa ukuta mmoja, na ndiye aliyenifundisha kusuka, akinigonga kwa kitana kila nilipotikisika. Wazazi wake walizaliwa hapahapa Kolwezi, lakini babu zao waliletwa na mgodi kutoka Kasai, na mwaka ule Wakasai walipofukuzwa Katanga hilo lilitosha. Walitolewa nyumbani, wakaenda kulala kituoni na mizigo yao wakingoja treni. Vijana wa mji wakaja na mawe. Moja lilimpata kichwani.

Maiti ililetwa kwa katekista, nyumba tatu kutoka kwetu. Mama yangu alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, na mama wa msichana yule katika kinu kimoja tangu kabla sijazaliwa. Siku ile alifunga mlango. Sisi hatukuwa wa kufukuzwa, na aliyeonekana akiwalilia wale alihesabiwa mwenzao. Msichana akazikwa haraka haraka, na kesho yake treni ikamchukua mama yake pamoja na wadogo zake, bila hata saa moja ya kilio. Leo ninaelewa kwamba mama aliogopa kwa ajili yetu. Wakati ule nilimnunia wiki nzima.

Miaka ikapita, mama wa msichana akarudi, akawa anauza maandazi sokoni. Mama yangu akaanza kuzunguka soko zima ili asipite mbele yake. Nyumbani alisema anatafuta nyanya nzuri. Hizo nyanya nzuri hatukuzila hata siku moja. Nilijua anatamani kwenda kwake, na nilijua kwamba kadiri alivyochelewa ndivyo alivyozidi kushindwa.

Katekista alikwenda kumwomba yule mama ruhusa ya mchezo. Alikubali, akasema atakuja kutazama.

Tuliigiza Jumapili, baada ya misa, katika ukumbi wa parokia. Mama yangu alikuja kwa sababu binti yake anaigiza; kilio cha kweli hakuwa nacho mawazoni. Alipomwona mwenzake benchi la pili, alijibanza karibu na ukuta. Nina hakika angetoka, ila mlangoni watu walikuwa wamejaa.

Sasa, lile kosa letu. Binti mmoja wa kwaya alilala jukwaani akiwa maiti, amefunikwa kitenge, kikwembe kama tunavyokiita, na mimi niliketi juu ya kiti pembeni yake. Katekista alitaka watu wa nyuma wanione vizuri. Sote tulijua kwamba kwenye kilio wanawake hukaa chini, mama wa marehemu kwanza kabisa. Tulijiambia huu ni mchezo tu. Nikafungua mdomo, nikaanza ukurasa wa kwanza.

Sikufika mbali. Yule mama aliinuka, akavua viatu, akapanda jukwaani. Hakuwa na hasira. Alinishika mkono kama mtu anayemwamsha mtoto.

“Shuka, mutoto,” akasema. “Mama ya mufu haikalake ku kiti.”

Nikashuka. Alifungua kitambaa chake cha kichwa, akaketi sakafuni karibu na kikwembe, akanyoosha miguu, akaanza kumlilia mwanawe kwa jina. Katekista alikuwa pembeni na karatasi zake. Nilimwona anazikunja na kuzitia mfukoni. Kisha wanawake wakaacha mabenchi, mmoja mmoja, Wakasai na Wakatanga, wakaketi chini, wengine jukwaani, wengine pale pale walipokuwa. Nililia mpaka kamasi zikanitoka, na sikuona haya.

Mwanamke mmoja tu ndiye aliyebaki amesimama, karibu na ukuta. Watu walianza kumtazama. Mimi nilimwomba Mungu amtie nguvu miguuni, kwa sababu nilijua kwamba asipokuja leo hatakuja tena.

Alikuja. Alipita katikati ya wanawake akiwa na viatu mkononi, akafika jukwaani, akasimama mbele ya mwenzake kama aliyesahau kilichomleta. Yule mama alimwinulia macho. Akasogeza miguu yake upande.

“Ulikawia, yaya,” akamwambia, kama mdogo anavyomwita dada yake mkubwa. “Ikala.”

Mama yangu akaketi, akafungua kitambaa chake, na nikasikia anamwita yule msichana kwa sauti kubwa, kwa lile jina la utani alilokuwa akimwitia zamani, penye kinu chao.