Daktari Aliyempigia Mamangu Simu

Daktari huyu alikuwa wetu kweli. Alimuuguza nyanya mpaka akafa, aliwatahiri kaka zangu, na mimi alinivusha utotoni na pumu yangu, akinikalisha juu ya kitanda chake kirefu na kuniambia nivute pumzi kama mtu anayenusa pilau. Kliniki yake iko hapa Malindi, uchochoro wa nyuma ya soko. Kila sikukuu mamangu humfunikia sahani ya biriani. Humfunikia, nasema, lakini siku hizi hamfunikii tena.

Watu wachache wanaonijua huniuliza, "Kwani hukujua atafanya hivyo?" Swali hilo huniudhi. Ningejuaje? Nilimwendea kwa sababu ndiye niliyemwamini.

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi. Kazi yangu ni kupanda dari za mahoteli, na dari ya hoteli mchana wa kaskazi ni tanuri. Chini ya ovaroli nilikuwa nikijifunga kifua kwa bandeji ya kuvutika, tangu asubuhi hadi jioni, kwa miaka. Walionipokea nilipozaliwa walisema ni msichana. Nyumbani waliona suruali na nywele fupi, wakadhani ni mambo ya kazi. Msimu mmoja ngozi ikachubuka chini ya bandeji, ikafanya vidonda, na ubavu wa kushoto ukawa unanichoma kila nikipumua.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, binti yangu. Pumu imerudi?"

"Si pumu."

Nikafungua shati. Akaitazama bandeji.

"Umeanguka kazini?"

"Nimejifunga mwenyewe. Daktari, kuna jambo sijamwambia mtu nyumbani. Mimi ni mwanamume. Mwili ni wa kike, na wewe unaujua tangu nikiwa mdogo, lakini mimi mwenyewe ni mwanamume, tangu nilipopata akili. Nataka unitibu vidonda hivi. Halafu, kama kuna daktari wa mambo kama yangu, unielekeze."

Maneno hayo nilikuwa nimeyafanyia mazoezi bafuni, bomba likiwa wazi ili nisisikike.

Hakukasirika. Nadhani angekasirika ningeumia kidogo tu. Alitabasamu, tabasamu la kumbembeleza mtoto aliyeota ndoto mbaya.

"Una mchumba?"

"Sina."

"Basi ndilo hilo. Umekaa sana na mafundi wanaume. Ukiolewa yatakwisha."

"Na vidonda?"

"Acha kujifunga, vitapona vyenyewe."

Hakunigusa. Hakuniwekea hata kile kipimo cha kifua kilichokuwa kikining'inia shingoni mwake. Akanipa vitamini. Nikiwa mlangoni nikamwambia, "Naomba haya yabaki hapa."

"Mimi ni daktari, mwanangu," akasema.

Kutoka kliniki hadi kwetu hata kashata moja huimalizi. Nilipoingia uani, mamangu alikuwa amekaa juu ya mbuzi, nazi imekunwa nusu, simu mapajani. Alikuwa amekwisha kulia.

"Daktari amepiga," akasema. "Ati akili yako imeingiliwa. Ati nikutafutie mume upesi kabla mji haujajua."

Hakungoja hata nifike nyumbani nikaseme mwenyewe! Nilikuwa na mamangu mmoja na neno moja kubwa la kumwambia, na mtu mwingine amelisema kwa niaba yangu, vibaya, kwa simu. Hilo ndilo ambalo mpaka leo likinijia huacha ninachofanya.

Nikaketi chini mbele yake, nikamweleza yote upya. Alinisikiliza akitikisa kichwa.

"Sikuelewi," akasema. "Wallahi sikuelewi." Kisha akauliza, "Na hivyo vidonda? Hebu nionyeshe."

Nikamwonyesha. Akainama akavitazama kwa karibu.

"Daktari ameviona hivi?"

"Ameviona."

"Akakupa nini?"

"Vitamini."

Mamangu akanawa mikono, akavaa buibui lake, akatangulia. Pale kliniki hakumwamkia yeyote, yeye ambaye huamkia hata wasiomwitikia. Akaingia moja kwa moja chumbani kwa daktari, nami nyuma yake.

Daktari akainuka. "Bibi, nilikupigia kwa wema. Wewe ni mzazi."

"Kaka yake angekuja kwako na kisonono, ungenipigia?"

Daktari akaanza kupanga makaratasi mezani.

"Hungenipigia," mamangu akasema. "Ungemtibu, ukamfichia, ukamwambia awe na adabu. Huyu mimi na yeye tuna yetu ya kuzungumza, na sijui tutayamaliza vipi. Lakini amekuja kwako na mwili unatoka usaha, wewe umenipa maneno!"

Nami nikasema langu. "Sikuja kukuomba ruhusa ya kuwa nilivyo. Nilikuja naumwa ubavu."

Akaanza kutaja dini. Mamangu akamwambia dini anaijua, alichoninyima mimi ni udaktari. Tukatoka.

Nikaenda kutibiwa Kilifi. Daktari niliyemkuta alikuwa mwanamke wa bara, Kiswahili chake cha kukwaruza. Nilipomweleza, swali lake la kwanza lilikuwa, "Ungependa nikuite nani?" Nikamtajia jina ambalo sikuwa nimepata kulitamka mbele ya mtu. Akaliandika, kisha akanipima, akasema mbavu zimebanwa na vidonda vimeingia wadudu, akanifundisha namna ya kupumzisha kifua, akanielekeza kwa mwenzake Mombasa. Basi, kumbe ni hivyo tu! Nilitoka pale nimepata nafuu, na hasira imezidi.

Maana daktari wetu hakuishia kwa mamangu. Meneja mmoja wa hoteli, jamaa wa daktari, aliacha kuniita kazini bila kusema kwa nini. Mafundi wawili wakaanza kunyamaza nikiingia. Sasa kazi zangu nyingi ziko Watamu na Kilifi, kwa watu wasioijua kliniki ile.

Mamangu bado hajalitumia jina langu. Kuna siku hunitazama tukila, akafungua mdomo, akaufunga. Lakini sukari yake anapimiwa kwengine. Juzi shangazi alikuja kutupatanisha na daktari, akasema daktari ni mtu mzima, nimsamehe.

"Amekutuma?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Basi nimsamehe nini, naye hajaomba?"

Shangazi akamtazama mamangu amsaidie. Mamangu akamwongezea chai.