Hilkka na dubu aliyefuata kamba tamu

Saa kumi na mbili jioni, Hilkka Juntunen amekunja uso ndani ya kibanda chake cha mbao. Dubu jike ametoka msituni na watoto wawili, kama ilivyotarajiwa, lakini amewapita samaki wa chambo waliowekwa ng'ambo ya kinamasi bila hata kuwanusa. Anakuja moja kwa moja kibandani.

Wapiga picha wawili kutoka kusini wameng'ang'ania kamera zao.

"Anakuja!" mmoja ananong'ona kwa furaha.

Hilkka hana furaha hata chembe. Mama huyu wa miaka hamsini na minane, zamani mpeleka barua wa vijiji vya mkoa wa Kainuu, anaishi kwa kuwakodisha wapiga picha za dubu kibanda hiki, na ana sharti moja: chakula kule, watu huku. Mgeni haingii hata na kipande cha mkate mtamu.

"Dubu akishajua nyumba ina utamu, kesho yuko uani kwa jirani," anasema. "Keshokutwa polisi wanatoa amri, anapigwa risasi. Nimeshamwona mmoja akipakiwa kwenye tela. Nililia kama nimefiwa."

Basi huyu anafuata nini? Hilkka ananusa. Mvinyo.

Mumewe, Oiva, ni mtu wa nondo, wale vipepeo wa usiku. Kila Agosti, giza linapoanza kurudi baada ya usiku mweupe wa kiangazi, huchemsha mvinyo mwekundu na sukari, akaloweka kamba na kuzitundika mitini, kisha hupiga picha nondo wanaokuja kunywa. Wengi huku wana ugonjwa huo. Safari hii mvua ilikuwa inaosha kamba zake, akazihamishia chini ya paa la kibanda, ukuta wa nyuma.

"Nilitaka kuziondoa asubuhi," anajitetea Oiva baadaye, nyumbani. "Lakini alikuja mmoja wa mabawa mekundu, mzuri huyo! Nikasema, ah, siku moja tu zaidi."

"Na mimi je, si ungeniambia?" Hilkka anamkata. "Umemkaribisha mama mtu na wanawe kwenye baa yako."

Lakini jioni hiyo kibandani hakuna wa kutania. Makucha yanakwaruza mbao, kibanda kinatikisika. Hilkka anashika birika la kahawa.

"Usimfukuze, tafadhali," mgeni anamsihi kwa sauti ya chini. "Picha kama hii hatuipati tena."

Wamelipa euro mia mbili kila mmoja. Na mama mwenye watoto, akishtuliwa kwa karibu hivyo, anaweza kuubomoa ukuta. Lakini akiachwa alambe kamba zile kwa raha zake, ndiyo amekwisha. Hilkka anaogopa, na hafichi kwamba anaogopa.

Analigonga birika kwa kisu, kwa nguvu zake zote.

"Toka hapa! Nenda zako, Kiganja cha Asali!" Ndivyo wazee wa huku walivyomwita dubu, maana jina lake halisi halikutajwa msituni.

Kisha pigo moja, ubao unapasuka, na kucha nne zinaingia ndani. Mgeni anaangusha kamera. Hilkka halegezi, anagonga papo hapo kwenye ufa, huku pumzi ya mnyama ikimpiga usoni, mpaka dubu ananguruma, anageuka na kutimua mbio, watoto nyuma yake.

Wageni walirudishiwa fedha. Oiva alizichoma kamba zote kwenye jiko la sauna, bafu lao la mvuke, akaziba ukuta, na kwa siku mbili akala supu yake bila kuulizwa kama imekolea chumvi.

Kibanda hakitafunguliwa tena msimu huu. Mwakani Hilkka anataka kukihamishia mbali zaidi na kinamasi, hata kama wapiga picha watanung'unika. Lakini kila jioni alikwenda kukaa humo peke yake, kungoja.

Juzi yule jike alitokea tena na wanawe. Akasimama, akakitazama kibanda. Hilkka akafungua mlango, akatoka nje, akajionyesha mzima mzima. Dubu alikimbia bila kugeuka.

"Miaka yote nimekuwa nikiomba dubu asogee," anasema, akifuta macho kwa mkono wa sweta. "Sasa naomba kila akiniona akimbie hivyo hivyo."