Vitabu Ishirini na Vinne Kabla Mwaka Haujaisha

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kituo cha kununulia pareto pale Uyole, sikupima hata ua moja. Mkuu wa Kituo, Mnyakyusa mrefu mwenye sauti ya chini, alinipa jiwe la chuma la kilo ishirini akaniambia nilipime. Nikapima, nikasoma ishirini. Akaniambia nipime tena. Ishirini. Aliponiambia mara ya tatu nikamuuliza kama jiwe hilo linatarajiwa kuzaa.

Hakucheka. "Jiwe halibadiliki," alisema. "Kinachobadilika ni mzani na wewe. Kila asubuhi nataka kujua ninyi wawili mmeamkaje."

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilitoka sokoni hapo hapo Uyole, nilikokuwa nikiuza viazi na vitunguu kwa madereva wa malori. Nadhani niliajiriwa kwa sababu ya mazoea yangu ya kuhesabu kila kitu mara mbili. Sokoni mazoea hayo huitwa ubahili, ofisini huitwa uangalifu.

Vijana mliozoea mizani inayoandika tarakimu yenyewe, ngoja niwaeleze tulivyofanya. Pareto ni maua meupe yanayotengenezewa dawa ya wadudu. Mkulima huyachuma, huyaanika, huyaleta yakiwa makavu kwenye gunia. Karani wa mizani, yaani mimi, huchota konzi moja na kuyasugua kiganjani. Yakisagika kama majani ya chai yamekauka. Yakijikunja, mwenyewe anarudi nayo juani na maneno yake mdomoni. Baada ya hapo gunia linapanda mzani, unasukuma kibati kwenye mkono wa chuma mpaka utulie katikati, unasoma kilo, unatoa makato ya gunia, maana gunia tupu nalo lina uzito wake na hatununui katani. Kinachobaki unakiandika kwenye daftari la mizani na kwenye stakabadhi ya mkulima. Vumbi la maua lilitupigisha chafya mchana kutwa, lakini miaka yote ile sikuwahi kulala na kunguni.

Kuhesabu kulinijia bila shida. Kusoma ndiko kulikonisumbua. Niliishia darasa la nne, na nikisoma midomo ilikuwa inacheza kama mbuzi anayetafuna. Siku moja ulikuja waraka kuhusu ukaushaji, Mkuu akaniambia niwasomee wakulima waliojipanga na magunia yao. Nilianza vizuri. Mstari wa tatu nilikwama kwenye neno moja refu, nikarudi nyuma nikalijaribu kwa kasi, nikakwama tena. Mzee mmoja mstarini akasema tumwache karani apumzike, tutarudi msimu ujao. Watu walicheka mpaka magunia yakaanguka.

Nisingejali sana, ila wakati ule nilikuwa natamani kazi ya ukaguzi. Mkaguzi wa mizani huzunguka vituo vyote na mawe yake, anapima mizani ya wenzake, na neno lake ni la mwisho. Kwenda mafunzoni kulihitaji barua ya Mkuu, na huko mafunzoni kulikuwa na kitabu cha kanuni kinene kama tofali. Mwaka wangu wa nne kazini, wiki ya kwanza ya Januari, nikaingia ofisini kwake kuomba barua.

"Utakisoma lini kile kitabu?" aliniuliza. "Ukistaafu?"

Nikamwambia nitajifunza. Akasema kujifunza hakupimiki, nimtajie idadi. Hapo akawa ameingia sokoni kwangu.

"Thelathini kwa mwaka," alisema.

"Kumi na viwili, Mkuu. Kimoja kwa mwezi, kama mbalamwezi."

"Mbalamwezi haiombi barua."

Tukaishia ishirini na vinne. Nilijaribu kupitisha kwamba kitabu kinene kihesabiwe viwili, akakataa. Yeye akaongeza masharti yake: kitabu chenye kurasa pungufu ya hamsini hakihesabiwi, na kila kitabu nimsimulie mtu ambaye hajakisoma, naye aweke sahihi au dole gumba. Alisema gunia haliingii daftarini kwa sababu karani amelitazama. Nikifikisha ishirini na vinne kabla mwaka haujaisha, barua ataandika siku hiyo hiyo. Nikipungukiwa, nisimtajie ukaguzi mpaka nifikishe ishirini na vinne vya mwaka mwingine.

Kila Jumamosi nikawa naenda maktaba mjini Mbeya. Mama aliyekuwa akigonga mihuri pale alinitazama kwa mashaka, kwa sababu kabla ya kuazima nilikuwa nahesabu kurasa na kutoa makato: jalada, ukurasa mtupu wa mwanzo, yaliyomo, picha. Kitabu cha kurasa sitini kilitoka na hamsini na moja halisi. Aliniambia ameshuhudia watu wakinusa vitabu, wakivilalia, ila wa kuvikata uzito ndiye mimi wa kwanza.

Cha kwanza kilinichukua wiki tano. Kilihusu ufugaji wa nyuki, na nilipomsimulia mlinzi wa kituo alisema nyuki wenyewe wangekuwa wameshahama. Cha pili wiki tatu. Kufikia mwezi wa tano nilikuwa nasoma midomo ikiwa imetulia, na siku moja nikagundua nimepitiwa na chakula cha mchana, mimi ambaye sijawahi kupitiwa na kitu cha kuliwa. Mwisho wa mwezi wa sita nilikuwa na vitabu kumi na vitatu. Nikavihesabu tena, vikawa kumi na vitatu.

Hapo ndipo Mkuu alipopandishwa cheo akawa Meneja wa Kanda, ofisi yake Iringa mjini, nami akanihamishia Igowole, kule Mufindi, nikashike kituo peke yangu. Nilimshukuru kwa heshima hiyo, halafu nikamuuliza vitabu Igowole vinapatikana duka gani. Akasema yeye alinihesabia miezi kumi na miwili, hakunihesabia maduka.

Igowole ya wakati ule ilikuwa na ukungu wa kutosha na kitabu hata kimoja cha kuazima sikukiona. Nilikaa wiki mbili nikisoma maandishi ya kwenye magunia. Aliyeniokoa ni dereva wa lori letu, Mhehe mnene aliyekuwa akichukua maua kila baada ya siku kumi kuyapeleka Iringa. Alikuwa na shemeji yake mwalimu kule Tosamaganga, mwenye kabati la vitabu vyake mwenyewe. Tukapatana: dereva aniletee vitabu viwili kila safari, vimeviringishwa ndani ya magunia matupu, nami nirudishe viwili visivyo na doa. Malipo yake yalikuwa kusimuliwa. Hakuwasha injini mpaka nimemaliza, na akisikia nimeruka mahali anauliza, "Karani, hapo katikati pamekwenda wapi? Umepatoa makato?"

Masimulizi yale yakahamia mstarini. Wakulima walikuwa wakisubiri zamu tangu asubuhi, basi nikawa nasimulia huku napima. Nasoma kurasa kadhaa kabla ya kufungua, nawaambia niliyosoma, nasukuma kibati, naandika kilo, naendelea. Mashahidi sikuwakosa tena. Wino wa dole gumba niliomba chupa ya pili.

Mkulima aliyesimama karibu na mzani kuliko wote alikuwa Bibi Kadege, mama wa makamo kupita kidogo, aliyetoka kwenye mgongo wa kilima upande wa pili wa bonde, mwendo wa saa nne kwa miguu. Alikuwa akihudhuria kisomo cha watu wazima kijijini kwao na hakukubali dole gumba. Aliandika jina lake herufi moja moja, watu wote wakisubiri, akiulizwa ana haraka gani anasema yeye hana, wenye haraka waandike majina yao.

Mwezi wa kumi na mbili ulinikuta na vitabu ishirini na viwili. Cha ishirini na tatu kilikuwa hadithi ndefu ya mwanamke anayevuka mito mitatu kumtafuta kaka yake, na mstari mzima uliganda. Nikakimaliza tarehe ishirini na tisa, nikapata sahihi. Cha mwisho kilikuwa na kurasa mia moja na sitini baada ya makato. Nilikuwa na siku mbili. Kituo kilikuwa kimefungwa kupokea, lori linakuja tarehe mbili, na kwa kasi yangu ya wakati ule kurasa themanini kwa siku ziliwezekana bila kukimbia.

Jioni hiyo ya tarehe ishirini na tisa nikafanya kazi moja tu iliyobaki, kupima upya rundo lote ghalani. Kila mara kabla ya lori kuja tulipima upya, ili jumla ya ghala ilingane na jumla ya daftari. Ghala likazidi daftari kwa kilo kumi na nne. Nikarudia. Kumi na nne.

Lazima niseme wazi kwamba ziada haimtoi mtu kazini. Ghala likipungua ndipo utaitwa Iringa. Ziada husemwa ni unyevu wa ukungu, Meneja anatia sahihi, mambo yanaisha. Nilikaa juu ya gunia na kile kitabu cha ishirini na nne mkononi, na kwa dakika kadhaa nilikuwa mfuasi mkubwa wa unyevu.

Lakini nikalifungua daftari. Bibi Kadege: kilo kumi na saba. Magunia yake sikumbuki hata moja kupungua ishirini na tano. Nikalitafuta gunia lenye alama yake, nikalipima, nikatoa makato: thelathini na moja. Kumi na saba, nikakumbuka, ndio ukurasa niliokuwa nimefikia asubuhi ile alipoleta gunia, mwanamke wa hadithi akiwa katikati ya mto wa kwanza. Niliandika ukurasa mahali pa kilo. Tena nikauandika kwenye stakabadhi, nikampa mkononi.

Daftari likishapanda lori halisahihishwi, na sahihisho halikubaliki bila mwenyewe kurudisha stakabadhi ya zamani. Alfajiri ya tarehe thelathini nikaanza kupanda kilima na daftari la mizani na stakabadhi tupu ndani ya nailoni, kitabu cha ishirini na nne kwapani. Nilisoma nikitembea mpaka mvua ilipoanza, na hapo kwanza nikakificha kitabu kabla sijajificha mimi.

Nilimkuta jikoni akipukuchua mahindi. "Kamwene, karani," alinisalimia, kana kwamba tuliagana kukutana. Nikamweleza kosa langu bila kulipamba. Akaendelea kupukuchua.

"Najua," alisema. "Gunia nililibeba kwa kichwa. Kichwa changu kinajua kilo kumi na saba zikoje."

"Sasa mama, mbona hukusema pale pale?"

"Ulikuwa umemwacha yule mwanamke kwenye maji. Ningekukatiza tungeanza kubishana mizani mpaka jioni, na mimi ningerudi nyumbani bila kujua kama alivuka." Akatupa gunzi pembeni. "Nilikuwa nakuja kukusomesha hesabu baada ya mwaka mpya."

Nikamwandikia stakabadhi mpya. Aliichukua akaisogeza mlangoni kwenye mwanga, kidole chini ya kila neno: jina, kijiji, aina ya zao, kilo. Alifika mwisho, akarudi mwanzo akaisoma tena. Ndipo akanipa ile ya zamani. Sijawahi kukaguliwa vizuri namna hiyo, hata na wakaguzi wenyewe.

Mvua haikukatika na daraja la magogo bondeni lilikwenda na maji. Nililala kwa Bibi Kadege na nikaondoka siku ya pili mchana, kwa njia ya kuzunguka. Nilifika Igowole jua likizama, siku ya mwisho ya mwaka, nikiwa nimesoma kurasa sitini na tatu, na usiku mmoja haukutosha tisini na saba zilizobaki.

Meneja wa Kanda aliniita Iringa wiki iliyofuata. Alinitazama, akauliza neno moja tu: "Ngapi?"

"Ishirini na vitatu, mzee. Na sehemu."

"Sehemu ya gunia inaingia daftarini?"

"Haiingii."

Nikajaribu hata hivyo, damu ya soko haikauki. Nikamweleza kilo kumi na nne, mvua, daraja, nikamwomba anihesabie siku mbili hizo. Akaniomba daftari. Akalipata lile sahihisho na stakabadhi mbili zilizobanwa pamoja, akazisoma polepole, na kwa mara ya kwanza tangu Uyole nikamwona akitabasamu.

"Hii ndiyo kazi ya mkaguzi," alisema. "Wengi ninaowapeleka mafunzoni hawataifanya hata wakirudi na vyeti." Moyo wangu ukaanza kufunga mizigo. Akalifunga daftari. "Lakini tulipatana ishirini na vinne. Nikikuandikia barua leo, nitakuwa nimekubali ishirini na vitatu, na wewe utakuwa unajua. Rudi Igowole. Leo ni tarehe nane Januari, umeshachelewa wiki nzima."

Nilimkasirikia mpaka Mafinga. Kuanzia Mafinga nikatoa kitabu changu nikaendelea na ukurasa wa sitini na nne, kwa sababu dereva alitaka kujua kinachofuata, na ukweli ni kwamba nami nilitaka.

Mwaka huo nilifikisha ishirini na vinne mwezi wa tisa. Barua iliandikwa siku hiyo hiyo. Kile kitabu cha kanuni nilikisoma siku tisa, nikawashangaa wenzangu waliokilalamikia. Nikawa mkaguzi, nikazunguka Mbeya na Iringa na mawe yangu mpaka nilipostaafu, na katika vituo vyote hivyo nilikosana na makarani wengi, ila hakuna aliyesema nilimsomea vibaya.

Mnaoniuliza kama kujiwekea idadi ya vitabu kwa mwaka kunafaa, kwa kuwa siku hizi naona wajukuu wangu wanashindana, jibu langu ni kwamba kunafaa, mradi ukubali kupungukiwa bila kujiongezea. Mimi sijaacha. Mwaka huu macho yangu yaliomba punguzo: nilianzia ishirini na vinne, yakataja sita, tukaelewana kumi na viwili. Sasa ni mwezi wa nane na niko cha tisa. Cha kumi kiko mezani, kinene kweli kweli, na nimewaambia nyumbani kwamba nikishamaliza chai nisiitwe.