Jogoo wa Kisangani

Siendi kwenye misitu ya mvua ya Kongo bila jogoo.

Hiyo ni amri niliyopewa leo mchana na mama mkwe, aliyefika Mpanda kutoka Usevya na jogoo mwenyewe kwapani.

“Mama, uwanja wa ndege hawataniruhusu.”

“Baba Neema, utaingia nyumba ya watu mikono mitupu?”

Mama mkwe habishiwi. Nikampigia mwenyeji wangu wa Kisangani, nikaweka spika, ili akatae yeye.

“Aksanti sana, mama! Jogoo peke yake?”

Mke wangu akatoka nje kucheka. Mama mkwe akaagiza tetea.

Aliyewahi kuvuka mpaka na kuku aniambie alipitaje.

Jumamosi kuku wote wawili wanapimwa kwa daktari wa mifugo. Chanjo yangu mimi ni Jumatatu.